Jamini Roy hakuwa mwanakijiji aliyejichorea tu

Hii nimeisikia mara nyingi mpaka inaniuma, mtu anaona picha ya Jamini Roy, mchoraji wa India, wale wanawake wenye macho marefu kama samaki au paka wawili wameng'ang'ania kamba wa majini mmoja mkubwa, anasema huyu mzee hakusoma, alichora kitoto. Jamani hapana. Kijijini kazaliwa kweli, Beliatore, wilaya ya Bankura huko Bengal, mwaka 1887, ila akiwa na miaka 16 alishaingia chuo cha sanaa cha serikali Calcutta, akafundishwa mambo ya Ulaya yote, rangi za mafuta, vivuli, mwili wa mtu, na akawa anaishi kwa kuchora sura za watu wenye hela. Miaka ya 1920 akayaacha, yaani alikijua kile kitu vizuri ndo akakiacha.

Wengine wanasema alikopi tu picha za Kalighat, zile zilizokuwa zinauzwa pale hekaluni Calcutta. Alianzia hapo ni kweli, lakini akaona zimeshakolea ladha ya mjini mno, akarudi Bankura kwa wachoraji wa vijijini wanaoitwa patua, akaangalia na vigae vya udongo vya mahekalu ya Bishnupur, mji wa huko huko Bankura.

Halafu rangi, eti alitumia za kienyeji kwa sababu ya umaskini. Maisha yalimbana sawa, ila ule ulikuwa uamuzi wake: vumbi la mawe, tope la mtoni, nili, chaki, masizi ya taa kwa ile mistari myeusi minene, na gundi ya mbegu za ukwaju. Ukwaju huu huu wetu, zile mbegu tunazotema tukinywa juisi, zikipikwa zikasagwa zinanata kwelikweli na ndo zilishika zile rangi saba alizokuwa akitumia.

Na hili la picha yake moja kukutwa nakala nyingi, watu wanasema ni wizi au feki, sio zote hivyo. Nyumbani kwake palikuwa karakana kabisa, wanawe wakimsaidia, alirudiarudia makusudi na kuuza bei ya chini ili mtu wa kawaida naye atundike kwake. Alifariki 1972, na 1976 serikali ya India ikazitangaza kazi zake hazina ya taifa, kwahiyo zilizoko kule haziruhusiwi kuuzwa nje ya nchi.