Sentensi ya kweli bado si fasili

Jibu lile lile limerudi tena kwenye daftari: "Mraba ni umbo lenye pande nne zilizo sawa." Nikilikosesha, naulizwa, "Kwani ni uongo, mwalimu?" Si uongo. Kila mraba una pande nne sawa. Lakini na rombasi je? Nayo ina pande nne sawa, iliyolala ubavu bila pembe mraba hata moja. Umesema kweli kuhusu mraba, ila hujaufasili.

Fasili lazima ikubali kwenda na kurudi. Ndiyo kazi ya maneno "ikiwa na ikiwa tu": pembenne ni mraba ikiwa na ikiwa tu pande zake zote ni sawa na pembe zake zote ni pembe mraba. Hapo zipo sentensi mbili: kila mraba una sifa hizo, na kila pembenne yenye sifa hizo ni mraba. Ya kwanza inahakikisha hakuna mraba unaoachwa nje. Ya pili inahakikisha hakuna kisicho mraba kinachoingia. Wengi huthibitisha ya kwanza, wakafunga daftari.

Linaloniudhi zaidi ni nukta ya kati. "M ni nukta ya kati ya AB ikiwa na ikiwa tu AM = MB." Inapendeza macho, hata walimu wenzangu huiandika ubaoni. Basi chora AB yenye sentimita 6. Katikati yake simamisha mstari wa pembe mraba, panda nao sentimita 4, uweke M hapo juu. Pima: AM ni 5, MB ni 5. Masharti yametimia, na M inaelea juu kabisa ya AB! Zipo nukta za namna hiyo zisizo na idadi. Kilichosahaulika ni maneno machache: M iwe ndani ya kipande AB chenyewe. Kuandika "ikiwa na ikiwa tu" hakuifanyi sentensi kuwa kweli. Ni dai, na dai hujaribiwa kwa kutafuta umbo la kulivunja.

Mstatili nao: ukisema pembenne ni mstatili ikiwa na ikiwa tu mishazari yake, mistari ya kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, ni sawa, trapeza pacha inakuangusha: ina jozi moja tu ya pande sambamba na pande mbili za ubavuni zilizo sawa, mishazari yake ni sawa, na si mstatili. Anza na msambamba, wenye jozi mbili za pande sambamba, badala ya pembenne yoyote, na sentensi inasimama. Ila sasa ni jambo la kuthibitishwa, kwa kuwa mstatili ulishafasiliwa kwa pembe zake.

Lipo ambalo siwezi kulitetea mbele ya mtoto wa miaka 13. Vitabu vikitoa fasili huandika "ikiwa" peke yake, vikimaanisha "ikiwa na ikiwa tu". Ukurasa unaofuata, kwenye kanuni, "ikiwa" ile ile inakwenda upande mmoja tu. Ni mazoea ya wanahisabati, na mwanafunzi haambiwi.

Tena, "ikiwa na ikiwa tu" haikuchagulii fasili. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki wa miaka 300 hivi kabla ya Kristo, aliutenga mraba na mstatili, na pembetatu pacha yake ilikuwa na pande mbili tu zilizo sawa. Leo wengi wetu tunauhesabu mraba kuwa mstatili. Kuhusu trapeza hatujaafikiana: wengine wanataka jozi moja tu ya pande sambamba, wengine angalau moja. Mimi nafuata "angalau moja", kwa sababu kila nililothibitisha kwa trapeza linabaki kweli kwa msambamba bila kuandika upya. Ukiulizwa kwenye mtihani kama msambamba ni trapeza, angalia kwanza kitabu chenu kimeifasili vipi.