Maji yamevuja, uchungu bado: maswali ya akina mama wa Lamu

Maji ya uzazi yakiwa machache ni kiasi gani?
Kwenye picha ya ultrasaundi hupimwa kina cha mahali penye maji mengi zaidi. Kikiwa chini ya sentimita 2, ni machache. Sababu tunazokutana nazo zaidi hapa hospitalini ni chupa, yaani mfuko wa maji ya uzazi, kuvuja, na presha inayopunguza damu kwenye kondo la nyuma.

Nina miezi saba, chupa imevuja, na mama mkwe anasema ningoje uchungu.
Usingoje. Kwa heshima zote kwa mama mkwe, usingoje. Chupa ikishavuja vijidudu hupanda hadi kwa mtoto, uwe na uchungu au usiwe nao. Wengi hutufikia siku ya tatu, wana homa na maji yananuka, nasi tunalazimika kuzalisha mtoto ambaye mama yake hajachomwa hata sindano moja ya kukomaza mapafu ya mtoto.

Labda ni mkojo?
Mkojo unazuilika. Maji ya uzazi huendelea kuchirizika hata ukijibana. Huna hakika? Njoo vilevile, kupima ni kazi yetu.

Mkunga anipime kwa kidole kwanza?
Hapana. Hata sisi, kama uchungu haujaanza, hatuingizi kidole. Tunatazama kwa spekulamu safi, kifaa cha kufungulia uke. Usijisafishe ndani, usijifukize, na tendo la ndoa lisimame.

Madafu yatayarudisha?
Kunywa lita 2 za maji kwa siku humfaa mama aliyekaukiwa na joto la kaskazi. Chupa iliyopasuka hayaizibi. Na mwache kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila kiuno kinapouma! Baada ya wiki 20 dawa hizo hupunguza mkojo wa mtoto, na mkojo huo ndio sehemu kubwa ya maji yenyewe. Uliza kliniki kuhusu parasetamoli.

Hospitalini nitafanyiwa nini?
Kati ya wiki 24 na 34, kama hakuna maambukizi, utachomwa deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12, mara 4, ili mapafu ya mtoto yakomae. Hesabu: dozi zote huchukua siku mbili, ndiyo maana tunakuhimiza uwahi. Chupa ikiwa imepasuka utapewa pia erithromaisini, dawa ya kuua vijidudu, miligramu 250 mara 4 kwa siku, kwa siku 10. Kabla ya wiki 32, uzazi ukikaribia, huongezwa magnesiamu salfeti kulinda ubongo wa mtoto. Joto lako na mapigo ya mtoto hufuatiliwa. Ukipata homa, mtoto anazalishwa.

Niko Faza, kisiwani Pate, mume yuko baharini. Nimsubiri?
Usimsubiri, wala usisubiri uchungu. Piga simu kituo cha afya sasa hivi, na umuulize nahodha maji ya bahari yanajaa saa ngapi, kwa sababu yakipwa boti huweza kukwama kwenye mkondo wa Mkanda, njiani kwenda Lamu. Vaa pedi, beba kitabu cha kliniki, na andika saa maji yalipoanza kutoka. Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.