Ndege ya tahadhari ya mapema ni nini, na Aktiki inahitaji ya aina gani?

Ndege ya tahadhari ya mapema ni ndege iliyofungwa rada yenye nguvu ili imwone adui akiwa bado mbali, kisha iwape taarifa marubani wa ndege za kivita na makamanda walioko ardhini. Wengi wanaijua kwa sura ya E-3 Sentry ya Marekani, ile yenye sahani kubwa mgongoni. Sahani hiyo ina kipenyo cha mita 9.1 na huzunguka mara sita kwa dakika. Jina AWACS linalosikika kwenye taarifa za habari ni la mfumo wa ndege hiyo, ingawa siku hizi watu huziita hivyo zote za aina yake.

Rada hupandishwa angani kwa sababu ya umbo la dunia. Mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, ilhali dunia imepinda, kwa hiyo kinachoruka chini hujificha nyuma ya mpindo huo. Aliyepanda mnazi huliona jahazi kabla ya aliyesimama mchangani. Chukua rada ya ardhini kwenye mlingoti wa mita 25, na kombora la kruzi, yaani kombora linaloruka chini kama ndege, likiwa mita 100 juu ya barafu. Rada hiyo italiona likiwa limebakiza kilomita 60 hivi. Kama linakwenda kilomita 800 kwa saa, zimebaki dakika nne na nusu. Ipandishe rada hadi mita 9,000, na upeo wake unapita kilomita 400: muda wa kujiandaa unakuwa nusu saa. Marubani walioko zamu hawawezi kukimbilia ndege, kuziwasha na kupaa ndani ya dakika nne, lakini ndani ya nusu saa wanaweza.

Kwa Aktiki, eneo linaloizunguka Ncha ya Kaskazini, jambo hili lina uzito wa pekee. Njia fupi ya angani kati ya Urusi na Amerika Kaskazini inapita karibu na Ncha ya Kaskazini, na ndege za Urusi kama Tu-95 hubeba makombora ya kruzi yanayorushwa kutoka mbali. Ndiyo maana mwaka 1957 ulikamilishwa mstari wa rada uliojulikana kama DEW, kutoka Alaska kupitia kaskazini mwa Kanada, na mwaka uliofuata Marekani na Kanada zikatia saini mkataba wa NORAD, kamandi yao ya pamoja ya kulinda anga. Rada za DEW zilikuja kubadilishwa na mfumo mpya zaidi, lakini nao umezeeka, na bado ni rada za ardhini zenye upofu uleule wa chini. Mwezi Aprili 2024 Kanada ilitangaza katika sera yake ya ulinzi kwamba itanunua ndege za tahadhari ya mapema. Kwa muda mrefu kazi hiyo upande wa kaskazini imetegemea E-3 za Marekani zilizoko Elmendorf, Alaska.

Sasa Kanada ichague ipi? Mijadala mingi huanzia kwenye umbali wa rada, na kwa maoni yangu hapo ndipo inapopotea. Rada za kisasa zote zinaona mbali vya kutosha. Kinachozitofautisha ndege huku kaskazini ni saa ngapi zitakaa mahali panapotakiwa, na hilo linaamuliwa na umbali, mafuta, viwanja na baridi.

Anza na umbali. Kutoka mji wa Inuvik, magharibi mwa Aktiki ya Kanada, hadi mji wa Iqaluit mashariki ni kilomita 2,800 hivi. Kutoka Iqaluit hadi kituo cha Alert, juu kabisa kwenye nyuzi 82 kaskazini, ni kama 2,100. Ndege inayoweza kukaa angani saa kumi na kwenda kilomita 800 kwa saa, ikitumwa doria kilomita 1,000 kutoka kambini, itapoteza saa mbili na nusu kwenda na kurudi. Itume kilomita 2,000, na nusu ya safari nzima inaishia njiani. Ukitaka eneo hilo lilindwe usiku na mchana, kila siku zitahitajika safari karibu tano, na wakati huohuo kuna ndege nyingine ziko karakana na nyingine zinafundishia. Nchi ikinunua ndege mbili au tatu nzuri sana, bado haitaweza kuilinda Aktiki mfululizo.

Washindani wawili wanaotajwa zaidi ni E-7 Wedgetail ya Boeing na GlobalEye ya Saab. E-7 imejengwa juu ya Boeing 737-700, ina antena isiyozunguka mgongoni inayoona pande zote, na inaweza kujazwa mafuta ikiwa angani. Kanada tayari imeagiza ndege za kujaza mafuta za Airbus A330, hivyo uwezo huo si wa kwenye karatasi tu. GlobalEye imejengwa juu ya ndege ndogo ya Bombardier Global, inayoundwa Kanada kwenyewe. Inakaa angani zaidi ya saa 11 bila kuongezwa mafuta, na tumboni ina rada nyingine ya kutafuta meli. Antena yake kuu ni kama boriti ndefu, huona vizuri zaidi kulia na kushoto kuliko mbele na nyuma. Uswidi, ambayo nayo ina ardhi ndani ya Aktiki, iliagiza GlobalEye mwaka 2022.

Halafu kuna viwanja. Njia nyingi za kurukia ndege katika Aktiki ya Kanada ni fupi, na kadhaa, kama ile ya Resolute, ni za changarawe. Boeing 737-200 za zamani ziliwekewa vifaa maalumu vya kuzuia kokoto zisiingie kwenye injini, na ndiyo maana zilitumika huko miaka mingi. Matoleo yaliyofuata, pamoja na lile lililozaa E-7, hayana vifaa hivyo, na injini zake zimening'inia karibu kabisa na ardhi. Njia ya Inuvik inarefushwa kutoka mita 1,829 hadi 2,743. Kazi kama hiyo haipigiwi makofi, lakini ina maana kubwa kwa doria kuliko kilomita 50 za ziada za rada.

Baridi nayo ina mambo yake. Mafuta ya Jet A-1 huanza kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri, na hewa ya juu katika majira ya baridi ya kaskazini huweza kuwa baridi kuliko hapo. Ndege ya abiria hupita haraka. Ndege ya doria huzunguka polepole kwa saa nyingi, na mafuta ndani ya mabawa yanazidi kupoa. Rubani ana njia mbili za kuyapasha joto: ashuke kwenye hewa isiyo kali, au aongeze mwendo. Akishuka, upeo wa rada unapungua. Akiongeza mwendo, anachoma mafuta aliyoyatunza kwa ajili ya doria. Mnunuzi makini hulifanyia majaribio jambo hili mwenyewe, Januari, kabla ya kusaini.

Mwisho ni mawasiliano. Setilaiti nyingi za mawasiliano zimekaa juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, na ukivuka nyuzi 81 kaskazini zimeshazama chini ya upeo. Redio za masafa marefu nazo huvurugwa na dhoruba za jua zinazoleta mianga ya kaskazini. Norway ilirusha setilaiti mbili Agosti 2024 zinazopita juu ya Aktiki ili kuziba pengo hilo, na ndege yoyote itakayochaguliwa inapaswa kuwa na antena za kuzungumza na setilaiti za aina hiyo. Laini ikikatika, walioko ndani ya ndege ndio watakaotambua walichokiona na kuwaongoza marubani wa kivita wao wenyewe. E-7 ina viti kumi vya waendeshaji wa kazi hiyo. GlobalEye, kwa udogo wake, hubeba wachache zaidi.