Gari la Familia Huishi Maisha Mawili

Siku za kazi hubeba mtu mmoja na mkoba wake, labda na mtoto wa kushushwa shuleni. Kilomita nane kwenda, nane kurudi. Kisha likizo inafika: watu watano ndani, buti haifungi mpaka mtu aiegemee, na mbele kuna kilomita 500. Mwenye gari anaona ni gari lilelile. Sisi wa karakana na ukaguzi tunaona magari mawili. Hitilafu nyingi tunazozikuta zilizaliwa katika maisha ya kwanza, zikanyamaza, zikaja kusema katika maisha ya pili, watoto wakiwa ndani.

Tuanze na dhana inayopendwa sana, kwamba gari linalotembea kidogo huchakaa kidogo. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, mvuke wa maji na petroli kidogo ambayo haikuungua hupenya hadi kwenye oili. Gari likienda nusu saa na zaidi, injini ikashika moto sawasawa, unyevu huo hufuka ukatoka. Likizimwa baada ya dakika kumi, unabaki humo, na kesho unaongezeka mwingine. Ndiyo sababu kitabu cha gari hutaja kilomita na miezi kwa pamoja: oili hubadilishwa kwa kile kinachotangulia. Ukikuta utando mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, usipige kelele bado. Kwa gari la safari fupi huenda ni unyevu tu. Lakini ukichomoa kijiti cha kupimia ukaona oili yenyewe imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, ndiyo ya kutazamwa kwanza, na safari iahirishwe.

Betri nayo hivyohivyo. Kila ukiwasha unakopa, na mwendo wa dakika kumi huku taa, feni na redio vinakula hautoshi kulipa deni. Betri ya gari la kawaida iliyojaa na iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12 au chini yake imekaribia kuisha, hata kama asubuhi hii imekubali kuwasha.

Sasa tairi, na hapa nitakaa kidogo. Sehemu ya tairi inayogusa lami wakati wowote ni kama upana wa kiganja cha mkono. Viganja vinne, basi, ndivyo vinavyoamua kama gari litakata kona au litasimama. Kinachosikitisha ni kuwa watu hununua tairi za bei kubwa, halafu wakiulizwa wajaziwe upepo ngapi wanajibu, "Jaza tu."

Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo ya mlango. Kuna kibandiko, magari mengine hukiweka ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Namba iliyo pale ndiyo ya gari lako. Ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu ambacho tairi linaweza kustahimili, na kujaza kwa kufuata hiyo ni kosa ninalolikuta karibu kila wiki. Kibandiko mara nyingi kina safu mbili, na hapo ndipo maisha mawili ya gari yameandikwa waziwazi: safu ya watu wachache na safu ya gari lililojaa. Gari moja linaweza kutaka psi (kipimo cha upepo) 32 mbele na 32 nyuma kwa siku za kawaida, kisha 33 na 38 likijaa. Lako litasema la kwake. Wengi hawajawahi kuisoma safu ya pili.

Tairi lenye upepo pungufu kwa mzigo mkubwa hujikunja ubavu kila linapozunguka, na kujikunja huzaa joto. Mjini hutaona kitu. Katika barabara kuu, saa mbili za mwendo mfululizo juani, joto hilo linaanza kutenganisha tabaka za tairi kutoka ndani, na mlio unaousikia mwishoni ndio taarifa yako ya kwanza. Pima upepo tairi likiwa baridi, yaani kabla hujaondoka au gari likiwa limesimama walau saa tatu. Likishapata moto, geji itasoma juu zaidi. Usipunguze, maana likipoa utabaki na pungufu.

Kuna siku dereva mmoja alinionyesha tairi lake la spea kwa fahari. Halikuwahi kugusa barabara, na vile vinywele vya mpira vya kiwandani vilikuwa bado vimesimama. Nikapangusa vumbi ubavuni, nikatafuta tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT: 2310. Wiki ya 23 ya mwaka 2010. Nilipobonyeza mpira kwa kidole gumba, mipasuko midogo ikafunguka kama udongo wa bwawa lililokauka. Mpira huzeeka hata ukilala. Baada ya miaka mitano au sita tairi linahitaji kutazamwa na mtu anayejua, na watengenezaji wengi husema lisivuke miaka kumi, kashata, yaani vile vitalu vya mpira vinavyokanyaga barabara, ziwe nzima au la. Spea imo kwenye hesabu hiyo.

Kuhusu kashata, nchi nyingi zimeweka kina cha milimita 1.6 kuwa mwisho. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijituta vidogo vya mpira. Kashata ikilingana navyo, tairi limekwisha. Mimi kwa mvua nisingengoja kufika huko, kwa kuwa mifereji ikiwa na kina kidogo maji hukosa pa kupita, tairi linapanda juu ya maji, na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Hapo achia mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa hofu. Namna tairi lilivyolika nayo husema mengi: likilika kati tu, upepo ulizidi; likilika pembe zote mbili, ulipungua; likilika upande mmoja, peleka gari likafanyiwe alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu.

Breki zinafuata mzigo. Kwa kilomita 50 kwa saa gari huenda mita 14 kila sekunde, na kwa 100 mita 28. Sekunde moja ya dereva kushtuka ni mita hizo zote kabla pedali haijaguswa. Zaidi ya hapo, ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki zishike huwa mara nne. Ongeza watu watano na mizigo, kisha mteremko mrefu, na kazi yote ya kulizuia gari inageuka joto kwenye diski na pedi.

Joto hilo hufika kwenye mafuta ya breki, na mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kidogokidogo mwaka hadi mwaka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa: unakanyaga, pedali inazama kama imewekwa juu ya sifongo. Basi badilisha mafuta ya breki kila miaka miwili hivi au kama kitabu kinavyoagiza, na kwenye mteremko weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, ili injini ikusaidie kushika. Gari la otomatiki nalo lina nafasi ya gia ndogo, hata kama hujawahi kuigusa. Kama kiwango cha mafuta ya breki kimeshuka kwenye kopo lake, usijazie tu na kufunga boneti. Ama pedi zimekwisha ama kuna mahali panavuja. Na kwenye gari lenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki, siku ya dharura kanyaga kwa nguvu zote na usiachie. Pedali itatetemeka chini ya mguu kwa mlio wa kukwaruza. Ndivyo inavyofanya kazi. Wengi huachia hapo wakidhani wameharibu.

Mkanda wa usalama wa pointi tatu, ule unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959. Kabla ya hapo alikuwa akishughulikia viti vya kumrusha rubani nje ya ndege. Kampuni iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie, ndiyo maana hata gari lako unao. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10. Nasema hivi kwa ajili ya wanaokaa nyuma, ambao hudhani kiti cha mbele ni godoro. Asiyejifunga nyuma humwangukia aliyejifunga mbele.

Na mtoto wa kupakatwa? Gari likisimama ndani ya nusu mita kwa mwendo huohuo, mtoto wa kilo 10 huivuta mikono ya mama kwa nguvu ya karibu kilo 200. Hakuna mkono wa kushika hilo, upendo uwe mkubwa namna gani. Kufunga mkanda mmoja juu ya mama na mtoto ni vibaya zaidi, kwa sababu mwili wa mama unambana mtoto kwenye mkanda.

Mtoto mchanga hukaa kwenye kiti chake akitazama nyuma ya gari, kwa kuwa kichwa chake ni kizito kuliko shingo yake inavyoweza kukizuia. Kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa; mfuko hufumuka kwa kasi inayoua kitoto. Ukishamfunga, jaribu kufinya ukanda wake begani kwa vidole viwili. Ukipata kikunjo cha kushika, bado umelegea. Shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise; kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Akikua hahami moja kwa moja kwenda kwenye mkanda wa watu wazima. Mkanda upite kwenye mifupa ya nyonga na katikati ya bega. Kama unamkata shingoni au umepanda tumboni, anahitaji kiti cha kumwinua, na wengi hukihitaji mpaka wanakaribia sentimita 150. Mama mjamzito hupitisha mkanda wa chini chini ya tumbo, si juu yake.

Mizigo mizito ikae chini kabisa ya buti, ikiegemea kiti. Chupa ya maji isiachwe sakafuni kwa dereva: ikibingirika hadi nyuma ya pedali ya breki, huna breki. Nyuma ya gari ikishalala kwa uzito, taa za mbele huinuka zikawachoma macho wanaokuja. Tafuta karibu na usukani kigurudumu kidogo chenye namba 0, 1, 2, 3. Kazi yake ni kushusha taa gari likijaa. Nimekutana na wamiliki wa miaka kumi wasiojua ni cha nini.

Njiani, taa nyekundu kwenye dashibodi ni ya kusimama, ya njano ni ya kupanga kwenda kwa fundi. Nyekundu ya oili ikiwaka injini ikiunguruma, egesha pembeni na uzime mara moja. Usitafute kituo cha mbele. Mshale wa joto ukipanda, zima na ungoje, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka kipoe, kwani maji mle yamebanwa na yana joto kupita lile la sufuria inayochemka. Mkisimama kula, mtoto asibaki ndani hata dakika chache: joto ndani ya gari lililofungwa juani huweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika kumi, na mwili wa mtoto hupata moto haraka kuliko wa mtu mzima.

Mkifika, kabla ya kushusha mizigo, zunguka gari na upitishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Mbili za mbele kwa kawaida zitakuwa na joto kuliko za nyuma. Ukikuta moja ina joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, na pengine harufu ya kitu kilichoungua, breki ya gurudumu hilo imeng'ang'ania. Itafutie fundi kabla ya safari ya kurudi.