Alama 27 haikutajii ugonjwa: dhana potofu kuhusu madodoso mafupi ya msongo wa mawazo

Maswali kumi, dakika chache, jumla chini ya ukurasa. Madodoso ya namna hii yapo kliniki, ofisini na kwenye simu zetu. Mimi nayaamini, na ndiyo maana inaniuma kuona yakibebeshwa kazi ambayo hayakutungiwa.

"Nimepata 27, basi nina ugonjwa wa msongo."

Dodoso linalosambaa zaidi, liitwalo kwa Kiingereza Perceived Stress Scale (PSS), lilitungwa Marekani na mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake wawili mwaka 1983, likiwa na maswali 14. Linalotumika sana leo lina 10. Kila swali linauliza hali fulani imekupata mara ngapi katika mwezi uliopita, kuanzia 0 kwa kutotokea kabisa hadi 4 kwa kutokea mara nyingi sana. Jumla ya juu kabisa ni 40. Tovuti nyingi zinakuambia kwamba 0 hadi 13 ni msongo mdogo, 14 hadi 26 ni wa kati, na kuanzia 27 ni mkubwa. Mipaka hiyo si ya waliolitunga. Cohen mwenyewe ameeleza kuwa dodoso lake si chombo cha kutambua ugonjwa na halina mpaka wa kutenganisha mzima na mgonjwa. Kazi yake ni kulinganisha: kundi hili na lile, au mtu yuleyule leo na miezi mitatu baadaye.

Jambo jingine ambalo watu hulikosea wakijijumlishia wenyewe: maswali manne kati ya kumi yameulizwa kwa upande wa heri, mfano kama umehisi mambo yako yanakwenda vizuri. Hayo alama zake hugeuzwa, 4 inakuwa 0. Usipogeuza, mtu mtulivu anaweza kuonekana amelemewa.

"Likijazwa mara moja, linaonyesha msongo sugu."

Linaonyesha mwezi mmoja. Aliyefiwa wiki tatu zilizopita atapata alama za juu, na mwanafunzi aliye katikati ya mitihani vilevile. Usugu unaonekana pale alama zinapobaki juu kila ukirudia kupima, huku mtu akieleza kinachoendelea nyumbani na kazini.

"Linahesabu matatizo niliyo nayo."

Kipo kipimo kinachofanya hivyo. Watafiti Holmes na Rahe, mwaka 1967, waliorodhesha matukio 43 ya maisha na kuyapa uzito: kufiwa na mwenzi 100, talaka 73, kufunga ndoa 50. Dodoso la Cohen linauliza kitu kingine, yaani kama unahisi mambo yamekuzidi na huna mkono wa kuyaongoza. Wafanyabiashara wawili sokoni wanaweza kudaiwa kiasi kilekile, mmoja akalala usingizi na mwingine asilale. Hisia hiyo ya kuzidiwa ndiyo inayopimwa, si deni.

"Maswali ni maneno tu. Kipimo cha kweli ni cha damu."

Dhana hii nataka niikalie kidogo, kwa sababu inawafanya watu walipie vipimo bure. Kotisoli, homoni inayohusishwa na msongo, hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Huwa juu asubuhi, hasa nusu saa hivi baada ya kuamka, na chini kabisa usiku. Sampuli moja ya saa nne asubuhi haielezi miezi sita iliyopita. Watafiti wamejaribu nywele, ambazo hukua takriban sentimita moja kwa mwezi na kutunza kumbukumbu ndefu zaidi, lakini walipozilinganisha na alama za madodoso hawakuona uhusiano wa kutegemeka. Mwili na hisia ni vitu viwili, na kila kimoja kina habari yake.

Na maneno hayo "tu" yana uzito. Mwaka 1991 Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Uingereza: watu 394 wenye afya walijaza madodoso kuhusu msongo, kisha wakatiwa puani matone yenye virusi vya mafua. Kadiri msongo ulivyokuwa mkubwa, ndivyo uwezekano wa kuambukizwa na kuugua ulivyoongezeka.

"Kwetu watu hawajui msongo, wanajua kichwa na tumbo."

Basi waulizwe kuhusu kichwa na tumbo. Dodoso la SRQ-20 la Shirika la Afya Duniani lina maswali 20 ya ndiyo na hapana, yakiwemo ya kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula, mikono kutetemeka na tumbo kutotulia. Zimbabwe walikwenda mbali zaidi: walitunga dodoso la maswali 14 kutoka katika lugha ya Kishona yenyewe, na kwenye mpango wa benchi la urafiki, ulioanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda, akina bibi waliofunzwa hulitumia kabla ya kuketi na mtu na kumsikiliza.

"Likitafsiriwa kwa Kiswahili, limekamilika."

Bado. Watafiti walipojaribu dodoso la Hopkins, linalopima dalili za wasiwasi na sonona kwa wastani wa alama za kila swali, kwa wajawazito wenye VVU nchini Tanzania, kwenye matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002, mpaka uliofaa ulikuwa 1.06. Uliozoeleka kwingineko ni 1.75. Fikiria ni wangapi wangeambiwa hawana neno kama mpaka wa kigeni ungechukuliwa ulivyo.

"Aliyevuka mpaka ni mgonjwa."

Tuchukue PHQ-9, dodoso la maswali tisa ambalo hupima dalili za sonona, si msongo, ingawa watu huyachanganya. Katika mpaka wa alama 10, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 ulionyesha linawanasa 88 kati ya kila wagonjwa 100, na kuwaacha salama 85 kati ya kila 100 wasio wagonjwa. Ni kazi nzuri. Sasa chukua kijiji cha watu 100 ambapo 10 wana sonona. Litawanasa karibu 9, na pamoja nao 13 au 14 wasio nayo. Zaidi ya nusu ya waliovuka mpaka si wagonjwa, na ndiyo sababu hatua inayofuata ni mazungumzo na mtaalamu, si dawa. Kwa sababu hiyohiyo mwajiri hana haki ya kukusanya alama zenye majina na kuamua nani apandishwe cheo.

Swali moja tu halisubiri jumla. La tisa kwenye PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mtu akiweka hapo alama yoyote zaidi ya 0, hata kama jumla yake ni 3, aulizwe siku hiyohiyo, ana kwa ana, kabla hajaondoka.