Mtafiti wa elimu ya viungo anapima nini shuleni?

Mwalimu akijiendeleza hadi akawa mhadhiri wa hisabati au wa historia, jamii haipati taabu kuielewa kazi yake. Akiwa mhadhiri wa elimu ya viungo na michezo, watu wengi huku Iringa, Njombe na Mbeya humchukulia kuwa kocha mwenye shahada, na swali la kwanza wanalomuuliza ni kama shule za wilaya zitafika mbali mwaka huu katika UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Sisi tunaoandaa walimu wa somo hili tunaona ni wajibu wetu kueleza kazi hiyo ilivyo, kwa sababu mzazi, mwalimu mkuu au ofisa elimu akishajua kinachotafitiwa, atajua pia adai nini kutoka katika kipindi cha michezo cha shule yake.

Kocha huchagua walio bora na kuwanoa, na hilo ni jambo jema. Lakini somo ni la darasa zima. Katika darasa la wanafunzi 60, wachache wataingia katika timu ya shule, na wale wengine wote, pamoja na msichana anayekaa pembeni kwa kuona haya na mvulana mnene anayechekwa akikimbia, ndio hasa wanaomshughulisha mtafiti wa ufundishaji. Maswali yake ni matatu: mtoto huyo alifanya nini katika kipindi kile, alijifunza nini, na mwalimu alifanya nini kilichomsaidia au kumzuia.

Taaluma hii imekua katika mikondo miwili. Mkondo wa afya ulipata nguvu mwaka 1953, pale daktari Jerry Morris na wenzake walipochapisha katika jarida la Lancet utafiti uliolinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa nzima huku dereva akiwa amekaa, na ugonjwa wa moyo ukaonekana kuwapata makondakta kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Tafiti nyingi zilifuata, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili zinazoufanya moyo uende mbio na pumzi iongezeke.

Mkondo wa pili ni wa ufundishaji wenyewe. Muska Mosston, katika kazi yake ya mwaka 1966, alipanga mitindo ya kufundisha elimu ya viungo kwa kuangalia nani anaamua, kuanzia mwalimu anayeamua kila kitu kwa filimbi hadi mwanafunzi anayejitafutia jibu mwenyewe. Mwaka 1982 David Bunker na Rod Thorpe wa Loughborough, Uingereza, walitoa hoja kwamba mtoto aanze kwa kucheza mchezo uliorahisishwa, ajue kwa nini apige pasi au akimbilie nafasi, kisha ndipo afundishwe ufundi anaouhitaji. Nchini Marekani, Daryl Siedentop na wenzake walijikita katika jambo linaloonekana dogo, nalo ni muda ambao mwanafunzi anashughulika kweli na kazi inayolingana na uwezo wake. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo lenye faida ya haraka zaidi kwa shule zetu.

Tuchukue kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 60 na mpira mmoja. Kutoka darasani, kupanga mistari na kusikiliza maelezo kunaweza kula dakika 10. Zinabaki 30. Mwalimu akiwapanga katika foleni moja, kila mtoto akapewa nusu dakika ya kukokota mpira hadi kwenye jiwe na kurudi, muda utaisha pale mtoto wa mwisho anapomaliza. Kila mmoja amefanya kazi kwa sekunde 30 na kusimama kwa muda uliobaki, ingawa kwa mpita njia uwanja ulionekana umejaa watoto wanaocheza. Mwalimu yuleyule akigawa darasa katika makundi kumi ya watoto sita, kila kundi likiwa na mpira wa matambara uliofungwa kamba, zamu ya kila mtoto inakuja mara kumi zaidi. Hakuna fedha iliyoongezeka hapo, ni mpangilio uliobadilika.

Ili kuyaona mambo hayo bila kukisia, mtafiti hutumia fomu maalumu ya uchunguzi. Mfumo mmoja unaojulikana sana, uliochapishwa mwaka 1991 na Thomas McKenzie na wenzake, humtaka amtazame mtoto mmoja kwa sekunde 10, kisha atumie sekunde 10 nyingine kuandika alichokiona: amelala, amekaa, amesimama, anatembea, au anafanya kazi nzito kuliko kutembea. Baada ya dakika chache anahamia kwa mtoto mwingine. Ni kazi ya kuchosha macho, na kabla ya kuanza, watafiti wawili hutazama kipindi kimoja kila mtu na fomu yake, kisha wakalinganisha, kwa maana fomu zisipokubaliana data hizo hazina thamani. Wataalamu wa afya ya umma nchini Marekani walipendekeza mtoto awe katika shughuli zinazoufanya moyo uende mbio kwa angalau nusu ya muda wa kipindi, nacho ni kipimo ambacho mwalimu wa Mafinga au Tukuyu anaweza kukitumia kujipima.

Hata hivyo, vipimo vya kutoka nje havifai kubebwa vilivyo. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam, na kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Mtafiti akipima stamina kwa jaribio la mbio za kwenda na kurudi mita 20, lililoandaliwa na Luc Léger wa Canada na kuchapishwa mwaka 1982, hana budi kuandika kimo cha mahali alipopimia, na asilinganishe matokeo ya Mbeya na ya Pwani kana kwamba hewa ni ileile. Majira nayo yana uzito. Asubuhi ya Juni au Julai huko Makete mtoto huja na sweta mbili na vidole vimekufa ganzi, hivyo kipindi cha saa mbili asubuhi hakiwezi kutoa picha sawa na cha saa sita mchana. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hugeuza viwanja vingi kuwa tope. Zaidi ya hayo, watoto wengi hutembea mwendo mrefu kwenda shule, hukimbia mchakamchaka na kucheza rede bila kuamriwa na mtu, na mtafiti asiyehesabu hayo atasema watoto wetu hawajishughulishi, jambo ambalo si kweli.

Kabla ya kuingia uwanjani kuna barua. Chuo humwandikia katibu tawala wa mkoa, kutoka hapo kibali kinashuka halmashauri, kwa ofisa elimu na kwa mwalimu mkuu. Kwa kuwa wanaotazamwa ni watoto, ridhaa ya wazazi inahitajika, na mtoto mwenyewe anaruhusiwa kukataa. Majina hayaandikwi katika ripoti.

Ngazi za kazi ni zilezile za taaluma nyingine: shahada ya umahiri, shahada ya uzamivu, kisha mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, na mtu hupanda kwa machapisho yaliyopitiwa na wataalamu wenzake. Mada hazijaisha. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na mwalimu anayepangiwa somo hilo pasipo kulisomea anahitaji msaada unaotokana na ushahidi. Ushiriki wa wasichana wanapofikia balehe, na wa watoto wenye ulemavu ambao mara nyingi huachwa darasani kulinda mabegi, unasubiri watafiti wanaoijua lugha na mazingira ya huku.

Tasnifu nyingi za vyuo vyetu huandikwa kwa Kiingereza na kubaki maktaba. Mwalimu mkuu aliyefungua geti kwa mtafiti ana haki ya kupewa matokeo kwa Kiswahili, katika kikao cha walimu, kwa maneno yatakayomsaidia kupanga ratiba ya muhula unaofuata. Asipoyapata, jina la chuo limo katika barua ya kibali, na mahali pa kuulizia ni ofisi ya mkuu wa idara.