Cheti cha Afya cha Rubani kwa Mwenye Maradhi ya Kudumu

Kijana wa Wete au wa Mwanakwerekwe anayetaka kuwa rubani huanza kuulizia ada ya chuo, na mara nyingi suala la afya hulikumbuka baada ya wazee wake kwisha kulipa. Utaratibu ulio salama ni kinyume chake. Cheti cha afya kitafutwe kwanza, hasa kwa mwenye kisukari, presha au pumu, kwani maradhi haya hayamfungii mtu mlango moja kwa moja, lakini hakuna hata moja linalopuuzwa.

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, hivyo rubani wa Unguja au Pemba hupata leseni yake kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, chini ya viwango vya ICAO, yaani Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, vilivyotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Cheti cha daraja la kwanza ni cha rubani wa biashara, la pili ni la anayerusha ndege kwa shughuli zake binafsi, na la tatu ni la waongoza ndege. Kile cha daraja la kwanza hudumu miezi 12, na kwa aliyevuka miaka 40 anayebeba abiria akiwa rubani peke yake, hudumu miezi 6.

Daktari anayepima marubani hajiulizi tu kama mtu ni mgonjwa. Hujiuliza kuna uwezekano gani wa mtu huyu kuishiwa na uwezo ghafla akiwa angani. Kipimo kinachotumiwa sana katika taaluma yetu ya udaktari wa anga ni kwamba uwezekano huo usizidi asilimia 1 kwa mwaka, na kipimo hicho kimewekwa kwa ndege yenye marubani wawili. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, zinazoonekana kila siku zikivuka baina ya Unguja na Pemba, zinaweza kurushwa na rubani mmoja, na akizidiwa wakati anateremka kuelekea uwanja wa Pemba, hakuna wa kushika usukani badala yake. Ndiyo maana baadhi ya vyeti hutolewa kwa sharti la kuruka pamoja na rubani mwenza. Cheti cha namna hiyo ni halali kabisa, ila mwenye nacho ajue mapema kwamba kazi nyingi za ndege ndogo visiwani hatazipata.

Kisukari ndicho kinacholeta maswali mengi. Kwa kiwango cha ICAO, anayetumia insulini hahesabiwi kuwa amefuzu. Uingereza tangu 2012, na Marekani kwa marubani wa biashara tangu 2019, zimeweka utaratibu maalumu: huko Uingereza rubani hupima sukari kabla ya kuruka, kila saa akiwa angani, na tena ndani ya nusu saa kabla ya kutua. Ruhusa za nchi hizo hazimpi mtu haki ya cheti kwengine.

Anayetumia vidonge ana nafasi, mradi sukari yake imetulia na dawa yenyewe inaendana na kazi. Metifomini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi, ambayo wagonjwa wetu wengi wanaijua, inaweza kuishusha vibaya, na hatari huzidi mtu anapofunga. Rubani mwenye kisukari azungumze na daktari wake kabla Ramadhani haijaingia, na kamwe asibadilishe dozi kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kwa presha, nchi nyingi huchukua 160 kwa 95 kuwa mpaka. Anayeuvuka mara kwa mara hapewi cheti hadi ashuke. Amlodipini na losartani kwa kawaida hukubalika, lakini methildopa haikubaliki kwa kuwa hufanya kazi katika ubongo na huleta usingizi. Anayeanzishwa dawa mpya husimama kuruka kwa muda, mpaka ijulikane mwili wake umeipokeaje.

Pumu iliyodhibitiwa huangaliwa kwa kipimo cha pumzi. Mwenye virusi vya Ukimwi huchunguzwa kwa kina na anaweza kufuzu. Kifafa, kwa upande wake, huzuia cheti.

Kinachonisikitisha zaidi ni ugonjwa kufichwa. Fomu huuliza maradhi, dawa na kama mtu amewahi kulazwa hospitali, na dawa za kienyeji nazo ni dawa, ziandikwe. Maelezo ya uongo yanaweza kumpotezea mtu cheti ambacho ukweli ungempatia. Hata mwenye cheti ambacho muda wake haujaisha hatakiwi kuruka pale anapojua kuwa afya yake imeshuka.

Anayekuja kupimwa achukue faili lake kutoka Mnazi Mmoja, Chake Chake au popote anapotibiwa, majibu ya kipimo cha sukari kinachoonesha wastani wa miezi mitatu, daftari la vipimo vya presha vya nyumbani, na pakiti za dawa zenyewe badala ya kutaja rangi ya vidonge. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi ili daktari wake ajue la kurekebisha kabla ya kuomba tena.